UZI: Mbegu kuogelea si mbegu kuweza. Safari ya kutoka korodani hadi ndani ya yai

#1 Hadubini_Kongwe (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu.

Mijadala ya uzazi haichelewi kugeuka mashindano ya namba: zipo milioni ngapi, zinakimbia kiasi gani. Mtu akichungulia hadubini akaona kumechangamka, anafunga faili. Nimeleta uzi huu kupinga hilo. Mbegu ya mamalia inatoka korodani ikiwa na viungo vyote lakini haina kazi hata moja inayoimudu. Haiogelei, wala haitambui yai. Mwendo inaupata kwenye epididimisi, na uwezo wa kuingia yai inaupata ndani ya mwili wa jike. Ni masomo matatu, madarasa matatu. Asiyeyatenganisha atasoma vibaya majibu ya maabara na atakosea saa ya kupandisha.

Tukubaliane maneno kwanza: shahawa ni ule ugiligili wote, mbegu ni seli iliyomo ndani yake.

Darasa la kwanza ni korodani. Ndani yake kuna vijirija vilivyojikunja, na kutani mwa vijirija zimesimama seli za Sertoli, ambazo ndizo walezi. Idadi ya walezi hawa hupangwa kabla dume halijapevuka na haiongezeki ukubwani, kwa hiyo kila korodani ina kikomo chake cha uzalishaji. Seli mama inagawanyika, meiosisi (mgawanyiko wa kutengeneza seli za uzazi) inakata kromosomu nusu (mtu 46 kuwa 23, ng'ombe 60 kuwa 30), halafu kazi ya kuchonga inaanza. Kiini kinakamuliwa: protini za histoni zinaondolewa, protamini zinaingia na kufungana kwa vifungo vya salfa, DNA inabanwa kama nguo ndani ya gunia la mtumba. Akrosomu, mfuko wa vimeng'enya, inatandazwa mbele ya kichwa kama kofia. Mkia unachipuka nyuma, mitokondria (vinu vya nishati) zinajizungusha shingoni mwa mkia, na saitoplazimu (ute wa seli) karibu yote inatupwa.

Muda wa kazi hiyo unategemea mnyama: binadamu kama siku 74, fahali 61, kondoo dume 47 hadi 49, nguruwe kama 39, panya mdogo wa maabara 35. Zishikeni namba hizi, zitarudi.

Darasa la pili ni epididimisi, mrija mmoja mwembamba uliokunjwa nyuma ya korodani. Wa binadamu ukinyooshwa unafika kama mita 6. Mbegu inapita kichwani, mwilini, hadi mkiani mwa epididimisi, ikibadilishwa ngozi njiani: protini mpya zinabandikwa, nyingine zinanyofolewa. Kuna alama moja unaweza kuiona kwa macho yako kwenye hadubini. Mbegu inapoingia hubeba kitone cha saitoplazimu shingoni, karibu kabisa na kichwa. Kadiri inavyosafiri, kitone kinateremka hadi mwisho wa kipande cha kati cha mkia, kisha kinadondoka. Ukikuta mbegu nyingi kwenye shahawa zina kitone bado kimekaa shingoni, hazijakomaa. Ama dume linatumika kupita kiasi, ama halijapevuka vizuri, ama korodani ina shida.

Mkiani mwa epididimisi zinahifadhiwa zikiwa zimetulia, nishati imebanwa. Zikimwagika na kukutana na majimaji ya tezi nyingine ndipo zinaanza kupiga mkia. Hapo ndipo wengi wanadhani mchezo umekwisha.

Naendelea #3, naomba msikatize.

#2 SeliSertoli

Sikatizi mkuu, naongezea nyama kwenye darasa la kwanza.

Korodani za mamalia wengi hufanya kazi nyuzi 2 hadi 5 chini ya joto la mwili. Ndiyo maana zinaning'inia nje. Ateri inayoshuka imezungukwa na mtandao wa vena zinazopanda na damu iliyopoa, hivyo damu inafika chini ikiwa tayari imepoteza joto. Msuli wa kremasta unavuta korodani juu baridi ikizidi, na ngozi yenyewe inajikunyata au kulegea. Wapo wasiofuata utaratibu huu: tembo anazo ndani ya tumbo, na pomboo anazipoza kwa damu iliyopita kwenye mapezi.

Joto likizidi, zinazoumia zaidi ni seli zilizo kwenye meiosisi na zile za duara zinazoanza kuchongwa. Mbegu zilizokwisha kukomaa kwenye epididimisi zinaumia kidogo tu. Matokeo yake, homa kali ya leo haionekani kwenye sampuli ya kesho. Inaonekana wiki kadhaa baadaye, wakati kundi lile lililounguzwa likifika mlangoni. Fahali akiugua homa anaweza kutoa shahawa nzuri wiki inayofuata na mbovu mwezi unaofuata, mwenye naye akabaki anatafuta kosa la juzi.

La pili ni testosteroni. Ndani ya korodani homoni hii ni nyingi mara kadhaa wa kadhaa kuliko kwenye damu, na uzalishaji wa mbegu unategemea kiwango hicho cha ndani. Mwanaume akichomwa testosteroni ya kutoka nje, ubongo unaona damu imejaa, unafunga bomba la LH na FSH, homoni zinazoiamrisha korodani. Korodani inaacha kujitengenezea, kiwango cha ndani kinaporomoka, mbegu zinapungua hadi kufikia sifuri kwa wengi. Kwa hiyo kumpa testosteroni mtu anayetafuta mtoto ni kumzibia njia huku unamwambia unamsaidia. Akiacha, wengi hurudi ndani ya miezi 6 hadi 12, wengine huchukua hata miaka 2.

#3 Hadubini_Kongwe

Shukrani, hapo umemaliza. Naendelea na darasa la tatu, ambalo ndilo sababu ya uzi.

Mwaka 1951 watafiti wawili, Min Chueh Chang na Colin Austin, kila mmoja kwa njia yake, waligundua jambo lililowashangaza. Ukichukua mbegu mbichi zinazokimbia vizuri ukaziweka moja kwa moja kwenye mrija wa uzazi wa jike pamoja na yai, haziingii. Zikikaa kwanza ndani ya jike saa kadhaa, zinaingia. Badiliko hilo kitaalamu linaitwa kapasitesheni. Mimi hapa nitaliita *kuiva*. Kwenye epididimisi mbegu inakomaa, kwa jike inaiva. Mwaka 1959 Chang alitumia mbegu za sungura zilizoiva ndani ya jike, akarutubisha mayai nje ya mwili, na watoto wakazaliwa.

Kuiva kunafanyikaje? Albumini ya majimaji ya jike inanyonya kolesteroli kutoka kwenye utando wa mbegu, utando unalegea. Bikaboneti inaingia na kuamsha kimeng'enya kinachotengeneza cAMP, molekuli ya kupeleka ujumbe ndani ya seli, nayo inaamsha kimeng'enya PKA, protini za mkia zinaanza kubandikwa fosfeti. Chaji ya umeme ya utando inashuka, asidi ya ndani inapungua, na milango ya kalsiamu ya mkiani iitwayo CatSper inafunguka. Kalsiamu ikiingia, mkia unaacha kupiga kwa adabu. Unachachamaa.

Ukiiangalia mbegu iliyochachamaa huwezi kuikosea. Ile ambayo haijaiva inakwenda mbele karibu kwa mstari, mkia ukipiga mawimbi madogo pande zote sawasawa. Iliyochachamaa inapinda mkia upande mmoja kwa nguvu kama mjeledi, kichwa kinayumba huku na huko, inachora namba nane, haifiki popote kwenye slaidi. Mgeni atakuambia hiyo inaumwa. Kumbe kwenye ute mzito na kwenye ganda la yai (tabaka la nje linalolizunguka) ndiyo pekee inayopenya, kwa sababu mapigo yale mapana yanaibandua kutoka ukuta wa mrija na kuisukuma ndani ya kitu kigumu. CatSper iligunduliwa 2001, na panya dume asiye nayo ni tasa ingawa mbegu zake zinaogelea.

Kuiva kuna gharama yake. Mbegu iliyoiva haidumu, maisha yake yaliyobaki yanahesabiwa kwa saa. Zikiiva zote kwa pamoja na yai halijafika, kazi imekwisha. Ndiyo maana zinaiva kwa zamu, kundi dogo dogo, nyingine zikisubiri.

#4 MpitaNjia_255

Swali la mjinga: kama majibu yanasema milioni 60 kwa mililita, zinazotembea asilimia 55, umbo sawa, na mimba haishiki, hiyo CatSper inaonekana kwenye karatasi gani?

#5 Maabara_37

Si la kijinga hata kidogo. Jibu fupi: haionekani. Kipimo cha kawaida hakipimi kuiva, hakipimi kuchachamaa, hakipimi kushikana na yai. Kinapima kama kiwanda kinatoa bidhaa na kama bidhaa inatikisika. Wapo wanaume waliobainika kuwa na hitilafu ya CatSper huku idadi na mwendo viko sawa. Kwao mbegu na mayai vikiwekwa pamoja kwenye sahani hakuna kinachotokea, lakini mbegu ikichomwa kwa sindano ndani ya yai, mimba inawezekana.

Sasa kuhusu hiyo karatasi yenyewe, maana inasomwa vibaya sana.

Viwango vya chini vya WHO toleo la 2021: ujazo mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, jumla milioni 39 kwa mkupuo, zinazotembea kwa ujumla asilimia 42, zinazokwenda mbele asilimia 30, zilizo hai asilimia 54, zenye umbo sawa asilimia 4. Namba hizi zimetoka kwa wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya miezi 12, na ni mstari ambao asilimia 5 ya baba hao walikuwa chini yake. Maana yake kuna baba kamili waliokuwa chini ya mstari. Si ukuta kati ya mwenye uwezo na tasa. Na hiyo asilimia 4 ya umbo isimtie mtu presha, binadamu ni mzalishaji wa mbegu zenye sura mbaya ukimlinganisha na fahali, ambaye kwa kawaida hutakiwa kufikisha asilimia 70.

Msiangalie kwa mililita peke yake. Zidisheni. Mililita 3 mara milioni 20 mara asilimia 40 zinazokwenda mbele ni milioni 24. Mililita 1 mara milioni 40 mara asilimia 40 ni milioni 16. Wa pili ana karatasi inayopendeza zaidi lakini wa kwanza ndiye mwenye mali.

Makosa mengi hufanyika kabla sampuli haijafika kwetu. Kujizuia kuwe siku 2 hadi 7. Chini ya hapo idadi inashuka, juu ya hapo zinarundikana zilizokufa. Kondomu ya kawaida haifai, mate hayafai, vilainishi vingi havifai. Sampuli ifike ndani ya nusu saa, isizidi saa moja, ikiwa imekaa karibu na mwili, si kwenye friji wala juani. Na tone la kwanza likimwagika, semeni! Sehemu ya kwanza ya mkupuo inatoka na majimaji ya tezi dume na ndiyo inayobeba mbegu nyingi. Inayofuata ni ya vifuko vya shahawa, yenye sukari ya fruktosi na ujazo mkubwa lakini mbegu chache. Mtu akipoteza tone la kwanza akaleta lililobaki, karatasi itamhukumu bure.

Tukiipokea tunaiacha iyeyuke kwenye nyuzi 37, kwa kawaida dakika 15 hadi 30. Tukiwahi, mbegu zimenaswa kwenye utelezi na mwendo unasomeka chini. Slaidi baridi ni kosa jingine, maana mbegu inapunguza kasi mara moja inapogusa kioo cha nyuzi 20. Kisha tunahesabu seli zisizopungua 200, tunarudia kwenye tone la pili la sampuli ileile, na majibu mawili yakipishana kupita kiasi tunaanza upya.

Kama nyingi hazitembei, kabla ya kuandika "zimekufa" tunatia rangi ya eosini. Iliyokufa ina utando uliotoboka, inanywa rangi na kuwa nyekundu. Iliyo hai inabaki nyeupe. Au tunaziweka kwenye maji yenye chumvi hafifu: iliyo hai inavimba na mkia unajikunja kama ndoana, iliyokufa inabaki imenyooka. Hai lakini haitembei ni hitilafu ya injini ya mkia, na hiyo ina tiba tofauti kabisa na kifo.

Ujazo mdogo, asidi nyingi (pH chini ya 7.2), hakuna mbegu, hakuna fruktosi: hapo fikirieni njia iliyoziba, au mirija ya kupitishia mbegu ambayo haikuumbwa tangu tumboni, jambo linaloambatana na hitilafu ya jeni iitwayo CFTR. Kiwanda kinaweza kuwa kizima kabisa nyuma ya mlango uliofungwa.

Na kipimo kimoja hakitoshi. Ukibadilisha kitu, iwe dawa, uzito au sigara, rudi baada ya miezi 3 hivi. Zile siku 74 za mleta uzi pamoja na safari ya epididimisi ndiyo maana yake.

#6 Yai_Moja

Nawaona mnazungumzia mbegu tu kama kawaida, jike mmemfanya barabara. Barabara haichagui, jike anachagua.

Mbegu ya binadamu inayokwenda vizuri inafanya kama maikromita 25 kwa sekunde, yaani milimita 1.5 kwa dakika. Kutoka mlango wa kizazi hadi kwenye upana wa mrija wa uzazi ni zaidi ya sentimita 15. Ingekuwa ni kuogelea tu kwa mstari ulionyooka, ni dakika 100, na hakuna mstari ulionyooka mle. Kizazi chenyewe kinakaza misuli na kuzivuta. Zipo mbegu zinazokutwa juu dakika chache tu baada ya kujamiiana, lakini hizo zimerushwa na misuli na nyingi zimeharibika. Wazalishaji ni wale wanaokuja baadaye.

Vichujio vinafuatana. Ukeni kuna asidi. Ute wa mlango wa kizazi ni mzito kama gundi siku nyingi za mwezi, unalainika tu kuelekea kupevuka kwa yai, na hata ukilainika unazuia zenye vichwa vibovu. Ndani ya kizazi chembe nyeupe za damu zinafagia. Kiungo cha kizazi na mrija ni chembamba mno, na kwa panya mbegu iliyokosa protini fulani za kichwani haipiti hapo hata ikiogelea kama papa. Katika mamilioni, zinazofika karibu na yai ni mamia.

Kwa mamalia wengi ghala la mbegu liko sehemu nyembamba ya chini ya mrija. Mbegu zinajishikiza kwenye seli za ukuta kwa kutumia sukari zilizo juu ya seli hizo. Zikishikilia hapo, kuiva kunacheleweshwa na uhai unarefuka. Kwa binadamu uhai wa mbegu hufika siku 5, ndiyo maana dirisha la kushika mimba ni siku 6 zinazoishia siku ya yai kupevuka. Yai lenyewe lina kama saa 12 hadi 24 tu. Popo wengine wanahifadhi mbegu miezi mizima wakiwa usingizini, sisi hatujafikia huko.

Mbegu ikichachamaa inajibandua na kupanda. Inafuata joto, inafuata mkondo kwa kwenda kinyume nao, na kwa binadamu homoni ya projesteroni inayotoka kwenye wingu la seli zilizozunguka yai inafungua CatSper moja kwa moja.

#7 Tabibu_Chipukizi

Kisha ikigusa ganda la yai, akrosomu inapasuka, vimeng'enya vinachimba tundu, inaingia. Ndivyo tulivyofundishwa.

#8 Hadubini_Kongwe

Ndivyo wengi walivyofundishwa, na nusu yake imeshapitwa na wakati. Mwaka 2011 mbegu za panya zilizofanywa zing'ae zilifuatiliwa moja moja, ikaonekana nyingi kati ya zile zilizofanikiwa zilikuwa zimeshapasua akrosomu *kabla* ya kugusa ganda. Na ile hadithi ya vimeng'enya kuchimba tundu: panya waliotolewa akrosini, kimeng'enya kikuu cha akrosomu, bado wanazaa, ila hamsta (mnyama mdogo wa jamii ya panya) asiye nayo ni tasa, mbegu zinakwama kwenye ganda. Spishi zinatofautiana. Kusukuma kwa mkia ni kazi kubwa kila mahali.

Kinachobaki kuwa kweli ni hiki: isiyopasua akrosomu haiungani na yai. Kupasuka kunafunua protini IZUMO1 iliyokuwa imefichwa. IZUMO1 ilitambuliwa Japani 2005 na ikapewa jina la hekalu la ndoa. Mwenzake upande wa yai, JUNO, alipatikana Uingereza 2014. Mmoja akikosekana, mbegu zinarundikana nje ya utando wa yai zikitikisa mikia tu. Wapo wengine wanaohitajika, kama CD9 upande wa yai na TMEM95 na SPACA6 upande wa mbegu.

Zikiungana, mbegu inamwaga ndani ya yai protini iitwayo PLC zeta, iliyobainishwa 2002. Hiyo ndiyo funguo. Kalsiamu ndani ya yai inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, kwa saa kadhaa. Wimbi la kwanza linafyatua vifuko vilivyo chini ya utando, vinamwaga kimeng'enya ovastasini kinachokata protini ZP2 ya ganda, na mbegu nyingine hazishiki tena. JUNO naye anaondoshwa juu ya yai. Yai linamaliza meiosisi lililokuwa limeisimamisha. Vifungo vya salfa vya protamini vinakatwa na glutathioni ya yai, gunia la mtumba linafunguliwa. Mitokondria za baba zinasagwa. Sentrioli ya baba, kwa mamalia wengi isipokuwa panya na jamaa zake, ndiyo inayopanga nyuzi za mgawanyiko wa kwanza, kwa hiyo shingo ya mbegu mbovu inaweza kuharibu kiinitete hata DNA ikiwa safi.

Sasa rudini kwa MpitaNjia. Kuna mbegu zenye kichwa cha duara, hazina akrosomu kabisa, na mara nyingi hazina PLC zeta. Ukizichoma kwa sindano ndani ya yai (mbinu ambayo watoto wake wa kwanza walizaliwa 1992), unakuwa umevuka vikwazo vyote vya nje na bado yai linabaki limelala. Hapo maabara huliamsha kwa dawa inayoingiza kalsiamu. Yaani hata kubebwa mgongoni hadi ndani ya nyumba hakusaidii kama huna funguo.

#9 Mhimilishaji

Uzi wa maana. Nauhamishia kwenye ng'ombe, kwa sababu haya yote yana bei zizini.

Mbegu iliyogandishwa si mbegu ileile. Tangu 1949 Polge na wenzake walipoonyesha kwamba gliserini inazilinda, tunagandisha kwa kiini cha yai la kuku au maziwa, gliserini asilimia 7 hivi, kisha naitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Karibu nusu zinakufa. Zilizopona utando umelegea kama zimeshaanza kuiva. Kwa lugha ya mleta uzi, zimevundikwa. Maisha yake ndani ya jike yanakuwa mafupi kuliko ya mbegu mbichi, na ndiyo sababu saa ya kuhimilisha (kumwekea jike mbegu kwa bomba) inabana.

Hesabu yake hii hapa. Ng'ombe hupevusha yai kama saa 24 hadi 32 tangu aanze kusimama akipandwa na wenzake. Yai linadumu saa 6 hadi 12. Mbegu zinahitaji saa 6 hadi 12 kujaza ghala la mrija. Ukimhimilisha dakika ile unapoona joto (hamu ya kupandwa) limeanza, mbegu zitachoka zikisubiri. Ukichelewa siku nzima, zitakuta yai limezeeka, na yai lililozeeka huweza kurutubishwa likatoa kiinitete dhaifu kinachokufa. Kanuni ya asubuhi na jioni imetoka hapo: aliyeonekana asubuhi ahimilishwe jioni, wa jioni kesho yake asubuhi. Ute ulio wazi unaonyesha yuko kwenye joto. Damu kidogo siku ya pili yake inaonyesha joto limeshapita, usimchome tena.

Kuyeyusha. Maji nyuzi 35 hadi 37, kipimajoto ndani, si kidole. Kopo la mbegu lisivutwe juu ya mstari wa barafu shingoni mwa tangi la naitrojeni zaidi ya sekunde chache. Ukikosa kuuona mrija wa plastiki wenye mbegu unazozitaka, lirudishe chini kwanza. Mrija wa plastiki uchukuliwe kwa koleo, ukung'utwe naitrojeni, uzamishwe sekunde 40 hadi 45 ule wa mililita 0.5, sekunde 30 ule wa 0.25. Ukaushwe kabisa. Tone moja la maji likiingia linapasua mbegu, ni lilelile jambo la mkia kujikunja alilosema Maabara_37, ila bila chumvi ya kutosha zinafia hapohapo. Bomba la kuhimilishia lipashwe kwa kusuguliwa na karatasi au ndani ya nguo. Kata ncha ya mrija iliyo mkabala na pamba, mkato ulionyooka, maana mkato wa mshazari haukai vizuri kwenye ala na mbegu zinarudi nyuma. Tumia ndani ya dakika 10 hadi 15, wala usiyeyushe mirija kumi kwa ng'ombe mmoja.

Kuweka. Mlango wa kizazi una pete 3 au 4, unazihisi kwa mkono uliomo kwenye puru. Ncha ikishatoka pete ya mwisho, simama. Hapo ni mwilini mwa kizazi, sehemu fupi kabla ya kugawanyika pembe mbili. Sukuma taratibu, hesabu hadi 5. Kosa la wengi ni kupitiliza hadi pembe moja, au kumwaga katikati ya mlango ambako sehemu kubwa itarudi ukeni. Dozi ni kama milioni 15 hadi 20, fahali mwenyewe angemwaga mabilioni ukeni. Hatuna za kupoteza.

#10 MpitaNjia_255

Mkuu, na zile za kuchagua jinsia? Nasikia mbegu ya kuzaa dume ina mbio zaidi, kwa hiyo ukiwahi au ukichelewa unaamua.

#11 Mhimilishaji

Hapana. Hakuna mbio zinazotofautisha mbegu ya X (ya kuzaa jike) na ya Y (ya kuzaa dume) kwa kiasi cha kukusaidia chochote, saa haikuchagulii jinsia. Tofauti ya kweli ni uzito wa DNA: kwa ng'ombe mbegu ya X ina DNA zaidi kwa asilimia 3.8 hivi. Mashine inazitia rangi, inazipitisha moja moja mbele ya leza, inasoma mwanga, inazichaji na kuzitenganisha. Usahihi ni kama asilimia 90. Lakini zimesukumwa, zimemulikwa leza, kisha zikagandishwa, na dozi mara nyingi ni milioni 2 hadi 4 tu. Zimechoka kuliko zile za kawaida, kwa hiyo sogeza saa karibu zaidi na kupevuka kwa yai, na zitumie kwa mitamba wenye afya, si kwa ng'ombe uliyemrudia mara tatu.

#12 Maabara_37

Naongeza kwa wanaofanya kazi ya sahani, yaani kurutubisha mayai nje ya mwili. Kuivisha mbegu maabara kunahitaji vitu vitatu kwa pamoja: bikaboneti kama milimoli 25 kwa lita, kalsiamu kama milimoli 2, na albumini. Asilimia 5 ya CO2 hewani ndiyo inayoshikilia pH. Ukiacha mlango wa kabati la joto wazi, pH inapanda, na mbegu zinaonekana zimechangamka bila kuiva. Fahali anataka heparini pia, kwa kawaida maikrogramu 10 kwa mililita, kwa sababu protini za shahawa yake zimefunika utando na heparini ndiyo inazitoa. Panya saa 1 hadi 2, fahali kama saa 4. Kwa nguruwe jihadharini na wingi: kwenye sahani mayai yake yanaingiwa na mbegu mbili tatu kirahisi, kwa kuwa hakuna mrija wa kuzichuja.

#13 SeliSertoli

Na mbegu za nguruwe msiziweke friji ya kawaida. Utando wake unaharibika chini ya nyuzi 15, huhifadhiwa nyuzi 16 hadi 18 na kugeuzwa taratibu mara mbili kwa siku zisitulie chini.

#14 Yai_Moja

Marekebisho madogo kwangu #6: nilisema meiosisi ya yai na saa zake kana kwamba wote wanafanana. Mbwa yumo pembeni. Yeye anatoa yai ambalo halijamaliza hata hatua ya kwanza, linahitaji siku 2 hadi 3 ndani ya mrija kabla halijakubali mbegu. Anayepandisha mbwa kwa hesabu ya ng'ombe anawahi. Pima projesteroni.

#15 Hadubini_Kongwe

Sahihi, ila hiyo ya meiosisi niliiandika mimi #8, si wewe. Nimeshaiweka sawa kichwani: "isipokuwa mbwa". Anayetaka tuanze sehemu ya pili ya kupasuka kwa DNA na kemikali kali za oksijeni zinazoharibu seli aseme hapa chini.